ESTHER HOWLAND: BINTI WA MAKASI NA GUNDI

Tunaposoma maisha ya watu mashuhuri, mara nyingi huwa ni habari za marais, majemadari na wapigania uhuru. Mara hii nimeona heri tumtazame mtu wa namna nyingine kabisa. Huyu hakupigana vita yoyote, hakutawala nchi, wala hakuvumbua dawa. Silaha zake zilikuwa makasi, gundi na vipande vya karatasi. Jina lake ni Esther Howland, na huko kwao Marekani wengi humwita mama wa kadi za Siku ya Wapendanao.

Pengine utauliza, sisi na kadi za Marekani tuna uhusiano gani? Ngoja kwanza. Mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, nani asiyejua kadi za kuwatakia watahiniwa heri? Sakses kadi, kama tunavyoziita. Wauzaji huzipanga kando ya barabara, zingine zikicheza muziki ukizifungua. Asiye na pesa hujitengenezea yake kwa karatasi ya manila, kalamu za rangi na mabaki ya karatasi za kufungia zawadi. Tatizo ni kwamba wengi wetu huona haya kutoa kadi ya mkono. Twadhani ni dalili ya umaskini, ati kadi ya kweli ni ile ya dukani. Basi maisha ya binti huyu yatatuonyesha kuwa kuna wakati kadi ya mkono ndiyo iliyokuwa ya fahari, na kwamba vipande vya karatasi, vikipata akili na mpango, vyaweza kuwa kazi ya watu wengi.

KUZALIWA NA MALEZI

Esther alizaliwa tarehe 17 Agosti 1828 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake, Southworth Howland, alikuwa na duka kubwa la vitabu na vifaa vya kuandikia. Kwa hivyo tangu utotoni Esther aliishi karibu na karatasi, wino, bahasha na vitabu. Wengine wetu tumekulia kwenye harufu ya chai au ya samaki, yeye alikulia kwenye harufu ya karatasi mpya.

Mama yake naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Katikati ya miaka ya 1840 alitoa kitabu cha mapishi na matumizi ya nyumbani, chenye kuwafundisha akina mama kupika vizuri na kuendesha nyumba bila kufuja mali. Kitabu hicho kilipendwa sana siku zile. Nyumba kama hiyo, baba muuza karatasi na mama mwalimu wa kubana matumizi, ilimfunza Esther mapema kwamba mabaki si takataka. Akiba haiozi.

SHULE YA ZAMU

Enzi hizo vyuo vikuu vingi vya Marekani vilikuwa vya wavulana. Msichana aliyetaka elimu ya juu alikuwa na nafasi chache mno. Mojawapo ya nafasi hizo ilikuwa shule ya bweni ya Mount Holyoke, katika mji wa South Hadley, jimbo lilo hilo la Massachusetts. Ilianzishwa mwaka 1837 na mwalimu aitwaye Mary Lyon, mwanamke aliyeamini kwamba wasichana wanaweza kusoma hisabati, sayansi na Kilatini sawa na wavulana.

Mwalimu Lyon alitaka shule yake isiwe ya matajiri peke yao. Karo ilikuwa dola 60 kwa mwaka, kiasi kidogo ukilinganisha na shule nyingine za wasichana. Alifanyaje? Hakuajiri watumishi wengi. Kila msichana alipewa kazi yake ya kila siku, huyu kuoka mikate, yule kuosha vyombo, mwingine kufagia, mwingine kupanga meza. Kila mmoja kazi moja, kwa wakati wake, na shule nzima ikala na kulala pasafi. Sisi wa mabweni mfumo huu twaujua sana, ndio zamu! Twalalamika kila asubuhi tukishika fagio, kumbe kuna watu waliojifunza jambo kubwa kutokana na zamu. Shika hili neno, tutalirudia mbele.

Esther alimaliza masomo yake hapo mwaka 1847. Mwaka huo huo aliingia shuleni hapo msichana mwingine, Emily Dickinson, ambaye alikuja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Marekani. Mmoja alikuwa wa beti, mwingine wa karatasi.

KADI ILIYOTOKA NG'AMBO

Esther akarudi nyumbani Worcester, elimu kichwani lakini hana kazi maalum. Msichana wa tabaka lake alitarajiwa kungoja kuolewa tu. Ndipo, muda mfupi baada ya kumaliza shule, akapokea kadi ya Siku ya Mtakatifu Valentine, yaani tarehe 14 Februari. Ilitoka Uingereza, kwa mtu aliyekuwa akifanya biashara na baba yake.

Kadi yenyewe ilikuwa si mchezo. Iliundwa kwa karatasi ya lesi yenye matundu madogo madogo, kama vile vitambaa vya kufumwa ambavyo mama zetu hutandika juu ya makochi, ikapambwa kwa maua ya rangi. Karatasi ya lesi ilikuwa ufundi wa Waingereza. Fundi aliiweka karatasi juu ya bamba la chuma lenye nakshi, akaigandamiza mpaka maua yakainuka, kisha akazisugua zile sehemu zilizoinuka hadi zikatoboka. Kilichobaki ni karatasi inayofanana na kitambaa cha bibi harusi.

Wakati huo Wamarekani wenye uwezo waliagiza kadi nzuri kutoka Ulaya kwa bei kali, na wasio na uwezo walijiandikia za karatasi tupu. Esther aliigeuzageuza kadi yake, akaona jinsi kila kipande kilivyoshikana na kingine, akaamua kwamba yeye pia anaweza kutengeneza kama hiyo, na hata nzuri zaidi. Akamwomba baba yake aagize karatasi za lesi, karatasi za rangi na picha ndogo za maua kutoka Uingereza na New York. Kisha akaketi na makasi yake, akatengeneza kadi za mfano kama kumi na mbili hivi.

STEMPU NAYO ILISAIDIA

Hapa tusisahau jambo moja ambalo wengi hulipita. Kadi nzuri haifai kitu ikiwa haiwezi kusafiri. Kabla ya mwaka 1845, posta ya Marekani ilitoza barua kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Bahasha yenyewe ilihesabiwa kuwa karatasi nyingine! Hebu fikiria kadi yenye tabaka nne tano za karatasi, ingelipiwa pesa ngapi?

Sheria mpya iliyoanza kutumika mwaka 1845 ilibadilisha mambo. Barua ikaanza kutozwa kwa uzito, senti 5 kwa barua nyepesi isiyokwenda zaidi ya maili 300, yaani karibu kilomita 480. Mwaka 1847 nchi hiyo ikatoa stempu zake za kwanza za taifa, na mwaka 1851 nauli ya barua iliyolipiwa mbele ikashuka hadi senti 3. Bahasha zikawa jambo la kawaida. Kwa hivyo Esther alianza kazi yake wakati barabara ilikuwa imefunguliwa. Kipaji alikuwa nacho, lakini wakati pia ulimfaa. Ukweli lazima tuuseme.

ALITARAJIA MIA MBILI

Nduguye wa kiume alikuwa akisafiri huku na huko kuuza bidhaa za duka la baba yao. Esther akamwomba azibebe zile kadi za mfano, awaonyeshe wenye maduka, apokee oda. Yasimuliwa kwamba Esther alitumaini kupata oda za dola 200 hivi. Angeridhika kabisa, maana 200 kwa msichana wa umri wake si haba.

Nduguye aliporudi, alikuwa na oda za zaidi ya dola 5,000. Yaani mara 25 ya alichotarajia! Wewe ungefanya nini? Furaha ndiyo, lakini furaha yenye jasho. Kadi kumi na mbili zilitengenezwa na mikono miwili. Kadi za dola 5,000 zitatengenezwa na nani, na Februari haingoji mtu? Kadi ya Valentine ikifika tarehe 15 ni kama sakses kadi iliyofika baada ya mtihani.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuwaambia wenye maduka kuwa haiwezekani. Ya pili, kutafuta mikono zaidi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Esther akawaita marafiki zake.

MEZA YA GHOROFA YA TATU

Kazi ilianza katika nyumba ya wazazi wake mtaa wa Summer, ghorofa ya tatu. Na hapa ndipo lile neno la zamu linaporudi. Esther hakumpa kila rafiki kadi nzima aitengeneze mwanzo hadi mwisho. Angefanya hivyo kila kadi ingekuwa na sura yake, na kazi ingekwenda mwendo wa kobe. Badala yake aliigawa. Mmoja alikata picha za rangi na kuzipanga. Mwingine aliandaa karatasi ya chini, ile inayobeba mapambo. Mwingine akabandika lesi, mwingine akaweka maua na utepe. Kadi ikapita mkono kwa mkono mezani mpaka ikakamilika, na mwisho kabisa Esther mwenyewe akaikagua. Iliyopinda ilirudi.

Ikumbukwe kwamba hii ilikuwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kiwanda cha Henry Ford kuanza kuunda magari kwa mstari wa kupokezana mwaka 1913. Sisemi Esther alikuwa wa kwanza duniani, kwa sababu viwanda vya kugawana kazi vilikuwapo kabla yake. Lakini yeye aliufanya na wasichana wenzake, nyumbani, kwa karatasi na gundi. Mimi naona mkono wa Mwalimu Lyon hapo. Msichana aliyezoea shule ambayo huyu anaoka na yule anafagia hakushindwa kuona kwamba hata kadi yaweza kuwa na zamu zake.

Februari 1850 tangazo la kadi zake likatokea katika gazeti la mji wao, Daily Spy. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, mji wa Worcester ulipokea mkutano wa kwanza wa kitaifa wa kutetea haki za wanawake nchini Marekani. Wakati wengine walidai kwa hotuba kwamba wanawake waruhusiwe kusoma, kufanya kazi na kupiga kura, katika mji uo huo wanawake wengine walikuwa wakiketi mezani wakipata mshahara wao wenyewe kwa mikono yao. Hotuba zilikuwa muhimu, na mshahara pia ulikuwa muhimu.

Biashara ilipokua, meza haikutosha. Wapo wanawake ambao hawangeweza kutoka nyumbani, pengine kwa ajili ya watoto au wagonjwa. Esther akabuni njia ya kuwafikia. Sanduku lilipangwa, ndani yake karatasi, lesi, picha na kila kipande kilichohitajika, pamoja na kadi moja ya mfano ya kufuatisha. Mwanamke alipelekewa sanduku hilo, akafanya kazi jikoni mwake kwa nafasi yake. Baada ya wiki moja mwenye gari la farasi alipita kuchukua kadi zilizokamilika, zikaenda kukaguliwa. Habari zilizobaki zasema kazi ilikuwa nyepesi na malipo yalikuwa mazuri.

NDANI YA KADI MOJA

Najua mafundi wa Chama chetu wanauliza, hizo kadi zilikuwaje hasa? Hebu tuifungue moja.

Chini kabisa kuna karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, hiyo ndiyo nguzo ya nyumba. Juu yake hubandikwa karatasi yenye rangi au nakshi. Kisha hufuata karatasi ya lesi nyeupe. Sasa hapa pana siri ya Esther. Lesi nyeupe juu ya karatasi nyeupe haionekani vizuri, nakshi yote hupotea. Yeye aliweka chini ya lesi kijikaratasi kidogo cha rangi ya kung'aa, chekundu, buluu au kijani. Ghafla matundu ya lesi yakawaka kama madirisha ya nyumba yenye taa. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo sana, cha aina ile ambayo sisi hufagia chini ya dawati baada ya somo la sanaa.

Siri ya pili ni kimo. Esther hakubandika kila kitu kikalala bapa. Alikata vipande vya karatasi, akavikunjakunja kama feni, akavitia baina ya tabaka moja na jingine. Lesi ya juu ikainuka, ukawa unachungulia ndani kama kwenye jukwaa dogo. Ukiisukuma kwa kidole inashuka, ukiiachilia inapanda tena. Kadi zingine zilikuwa na vijimlango vya kufungua au vijibahasha vya kutia ujumbe wa siri.

Siri ya tatu ni maneno. Esther aliyaweka ndani ya kadi, si juu. Kwa hivyo kadi ya nje ilikuwa ya uzuri tu, na ya ndani ikawa ya moyo. Wateja nao hawakupenda maneno ya aina moja. Kijana mwenye haya hataki maneno ya moto, na mchumba wa miaka mitano hataki maneno ya baridi. Basi mwaka 1879 kampuni yake ikatoa kijitabu cha kurasa 31 chenye beti 131, zilizochapwa kwa wino mwekundu, wa kijani, wa buluu na wa dhahabu, kwa saizi tatu. Mnunuzi alichagua ubeti aupendao, ukakatwa na kubandikwa juu ya ule uliokuwamo. Hapo kadi ikawa yake hasa.

Bei nazo zilikuwa za kila mfuko. Kadi ndogo iliuzwa kwa senti 5, na zile za tabaka nyingi, zenye utepe na lesi ya dhahabu, zilipanda bei kwa kadiri ya kazi iliyotiwa. Inasemekana mauzo yake yalifika hadi dola 100,000 kwa mwaka katika siku zake nzuri. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa mali ya kutisha, seuze mikononi mwa mwanamke asiye na mume.

HERUFI MOJA NYUMA YA KADI

Nyuma ya kadi zake Esther aliweka alama ndogo, herufi H kwa rangi nyekundu. Ukiiona H ulijua kadi imetoka Worcester na imekaguliwa. Miaka ya 1870 biashara yake iliungana na ile ya familia ya Taft wa Grafton, mji jirani, ikaitwa New England Valentine Company, na alama ikawa N.E.V. Co.

Kuhusu huyo Taft, wapo wanaosema kwamba Jotham Taft alianza kutengeneza kadi za Valentine kabla ya Esther, kwa hiyo si haki kumwita Esther wa kwanza. Mgala muue na haki mpe. Huenda hakuwa wa kwanza kushika makasi. Lakini ndiye aliyeifanya kazi hii ikajulikana nchi nzima, akaipa mpango na kuwaingiza wanawake wengi ndani yake. Kuwa wa kwanza ni jambo moja, kujenga ni jambo jingine.

Na tukisema haki, tuiseme yote. Zile kadi zina herufi moja tu. Hazina jina la aliyekata maua, wala la aliyekunja vifeni, wala la mama aliyebandika lesi jikoni huku mtoto akilia. Wote wamekaa chini ya H. Walilipwa, ndiyo, na hawakulazimishwa. Lakini sisi tunaomsifu Esther leo tuwakumbuke na wao, kwa sababu kadi zinazoitwa za Esther Howland ziliguswa na mikono mingi kuliko miwili.

GOTI NA KITI CHA MAGURUDUMU

Maisha hayakuwa maua matupu. Miaka ya 1860 Esther aliumia goti, na jeraha hilo likamsumbua kwa muda mrefu, hata akawa akiendesha biashara akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wengine wangefunga duka. Yeye aliendelea kukagua kadi, kupokea oda na kuwapangia watu kazi akiwa ameketi. Kazi aliyoijenga haikutegemea miguu yake, ilitegemea mpango. Aliyeanza kwa kufanya kila kitu mwenyewe sasa aliweza kuumia na kazi isife.

Hakuolewa hadi mwisho wa maisha yake. Watu wengi hulicheka jambo hili, ati muuza mapenzi hakupata mpenzi. Mimi sioni cha kuchekesha. Mwalimu wa ngoma si lazima acheze kila harusi.

Baba yake alipozidi kuugua, Esther aliona wajibu wake uko nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliiuza biashara yake kwa George Whitney, mtengeneza kadi mwingine wa Worcester, akaenda kumtunza mzazi wake. Baada ya zaidi ya miaka 30 kazini, aliweka makasi chini.

Whitney aliipanua kazi hiyo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, mashine zilichukua nafasi ya mikono. Uchapaji wa rangi ukawa rahisi, kadi zikatoka kwa maelfu zikiwa zimefanana kama mapacha, na tabaka za lesi zikapungua. Kampuni ya Whitney ilidumu hadi mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ilipofungwa kwa uhaba wa karatasi. Kazi iliyoanzishwa kwa karatasi ikazimika kwa kukosa karatasi.

Esther mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki dunia tarehe 15 Machi 1904 katika mji wa Quincy, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 75. Tazama tarehe hiyo: mwezi mmoja na siku moja baada ya Siku ya Wapendanao.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kadi zake hazikutupwa zote. Baadhi zimehifadhiwa hadi leo huko Worcester, katika maktaba kubwa ya historia ya American Antiquarian Society. Mwaka 2001 chama cha watengeneza kadi wa Marekani kilianza kutoa tuzo yenye jina lake. Chanda chema huvikwa pete, hata kama pete imechelewa karibu miaka mia moja.

Sasa, mwanafunzi mwenzangu, tusimsome Esther Howland kama hadithi ya kulalia. Kuna mambo ambayo shule yetu yaweza kuyachukua. Kwanza, tazama vitu vizuri. Kadi ya Uingereza ilipomfikia, wengine wangeiweka kabatini wajivunie. Yeye aliuliza imetengenezwaje. Swali hilo moja ndilo lililomlisha kwa miaka 30.

Pili, usitupe vipande. Baada ya kutengeneza mabango ya tamasha ya muziki au ya siku ya wazazi, chumba cha sanaa hujaa mabaki ya manila, karatasi za kung'aa, nyuzi na utepe. Vipande hivyo vikikusanywa kwenye boksi moja, ni mali. Kadi ya Esther ilipendeza kwa sababu ya kijikaratasi kilichofichwa chini ya lesi, ambacho peke yake hakifai hata kuandikia jina. Lesi pia si lazima itoke ng'ambo. Karatasi nyeupe ikunjwe mara nne, ikatwe matundu kwa makasi madogo, ifunguliwe. Weka kipande cha rangi chini yake, uone.

Tatu, gawaneni kazi. Mkiwa wanne na mwahitaji kadi 40 za watahiniwa, msikae kila mtu na kumi zake. Mmoja akunje, wa pili akate, wa tatu abandike, na mwenye mwandiko mzuri aandike. Halafu awepo wa kukagua, tena asiyeona haya kurudisha kazi mbovu ya rafiki yake. Esther alianza na marafiki, lakini kadi iliyopinda ilirudi hata kama ni ya rafiki.

Nne, na hili ni langu mimi, siyo lake. Mkimaliza, geuzeni kadi. Pale nyuma ambapo Esther aliweka herufi moja, ninyi wekeni majina ya wote, tangu aliyekunja hadi aliyekagua. Nafasi ipo ya kutosha. Mtahiniwa akiisoma atajua kwamba waliomtakia heri si mtu mmoja, ni watu wanne walioacha mchezo wao jioni nzima kwa ajili yake. Na kadi ya dukani, hata ikicheza muziki namna gani, haiwezi kumwambia hilo.